Kuziba kwa Utumbo kwa Watu Wazima: Namna Uvimbe Usio wa Saratani Unavyotambuliwa Hospitalini

Tumbo linalouma na kuacha, kisha likauma tena baada ya wiki kadhaa na kuacha, ni malalamiko yanayosikika kila siku katika zahanati na vituo vya afya nchini. Mara nyingi chanzo chake ni jambo dogo ambalo hupita lenyewe au kwa dawa za kawaida. Wapo hata hivyo watu wazima wachache ambao maumivu ya namna hiyo ni dalili ya utumbo unaoziba na kuzibuka, na kinachouziba ni uvimbe usio wa saratani ulioota ndani yake. Uvimbe huo hausambai mwilini kama saratani na mara nyingi hukua polepole kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua. Hatari yake inatokana na mahali ulipoota. Siku utumbo unapoziba moja kwa moja, mgonjwa ana saa chache tu za kufikishwa kwa daktari wa upasuaji kabla ya sehemu ya utumbo kuanza kufa.

Utambuzi wa tatizo hili si kazi ya kipimo kimoja. Huanza kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe, hupita katika mikono ya tabibu na mashine za picha, na hukamilika katika maabara ya patholojia, ambako kinyama kilichotolewa hutazamwa kwa hadubini. Katika kila hatua upo uwezekano wa kupotea njia, na ndiyo sababu wananchi wanapaswa kufahamu kinachotafutwa na kwa nini wanaulizwa maswali wanayoulizwa.

Utumbo na namna unavyoziba

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, nao utumbo mpana takriban mita 1.5. Ukuta wake una tabaka: ngozi laini ya ndani inayogusana na chakula, tabaka legevu lenye mishipa ya damu na mafuta, kisha misuli, na hatimaye utando wa nje. Misuli hiyo hujibana na kulegea kwa zamu, ikisukuma chakula kuelekea chini. Kwa siku moja lita 7 hadi 9 za majimaji huingia katika utumbo, yakiwamo mate, maji ya tumboni, nyongo na vinywaji, na karibu yote hufyonzwa tena na kurudi mwilini. Njia inapozibwa, majimaji hayo hubaki juu ya kizuizi na kutanua utumbo. Mgonjwa hutapika, hukaukiwa maji na kupoteza madini ya chumvi, ingawa maji yenyewe bado yamo tumboni mwake.

Visababishi vya kuziba kwa utumbo kwa watu wazima ni vingi, na uvimbe usio wa saratani si wa kwanza katika orodha. Daktari huanza kuwaza yale yanayotokea mara nyingi: makovu yanayoshikanisha utumbo baada ya upasuaji wa zamani, ngiri iliyonasa, utumbo mpana uliojisokota, ambao katika Afrika huonekana zaidi kuliko Ulaya, pamoja na saratani na kifua kikuu cha tumbo. Mpangilio huo wa mawazo ni sahihi. Tatizo huja pale mgonjwa asiyekuwa na kovu wala ngiri anaporudishwa nyumbani kwa sababu lililo la kawaida halikuonekana.

Uvimbe usio wa saratani nao una aina zake. Uliozoeleka zaidi katika habari hii ni uvimbe wa mafuta, ambao wataalamu huuita lipoma. Huota zaidi katika lile tabaka legevu lililo chini ya ngozi ya ndani ya utumbo, na hivyo huchomoza kuelekea ndani kama tunda laini lililofunikwa kitambaa. Wenye kipenyo cha chini ya sentimita 2 kwa kawaida hauna dalili yoyote na hugunduliwa kwa bahati wakati wa kutafuta jambo lingine. Unapozidi sentimita 4 ndipo uwezekano wa kuleta maumivu, kutokwa damu au kuziba unapoongezeka. Aina nyingine huanzia katika misuli ya utumbo, nyingine katika tezi za ngozi ya ndani, na nyingine hutokana na uvimbe wa tishu zilizochochewa kwa muda mrefu. Upo pia ugonjwa wa kurithi unaojulikana kwa majina ya madaktari wawili, Peutz wa Uholanzi aliyeueleza mwaka 1921 na Jeghers wa Marekani aliyeandika habari zake mwaka 1949. Wenye ugonjwa huo huwa na vinyama vingi vya utumbo na madoa meusi kwenye midomo na ndani ya mashavu. Hiki ni kisa ambacho macho ya tabibu makini, akitazama mdomo tu, yanaweza kuona jibu la tatizo lililo tumboni.

Uvimbe huziba utumbo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: unakua hadi kujaza njia. Ya pili ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, nayo inahitaji maelezo. Misuli ya utumbo haijui tofauti ya uvimbe na tonge la chakula. Inapokutana na kitu kilichochomoza ndani, hukibana na kukisukuma mbele. Kwa kuwa uvimbe umeshikamana na ukuta, huvuta ukuta huo pamoja nao, na kipande cha utumbo huingia ndani ya kipande kinachofuata, kama antena ya redio inavyoingia ndani yake yenyewe inapokunjwa. Pamoja na utumbo huingia pia utando unaobeba mishipa yake ya damu. Mishipa ya kurudisha damu hubanwa kwanza, utumbo huvimba, kisha mishipa ya kuleta damu nayo hubanwa, na tishu huanza kufa.

Hali hii ya utumbo kuingia ndani ya utumbo ilielezwa na Paul Barbette wa Amsterdam mwaka 1674. Mwingereza Jonathan Hutchinson alifanikiwa kumtibu mtoto kwa upasuaji mwaka 1871. Hadi leo wauguzi na madaktari wengi huihusisha kwanza na watoto, na kwa haki, kwa sababu takriban asilimia 95 ya wagonjwa wake ni watoto. Lakini kati ya watoto na watu wazima ipo tofauti kubwa inayobadilisha kila kitu katika uchunguzi. Kwa watoto, mara nyingi hakuna uvimbe wowote unaopatikana. Kwa watu wazima, katika wagonjwa wanaofikia upasuaji, sababu inayoonekana kwa macho hupatikana kwa walio wengi sana, kati ya asilimia 70 na 90. Kwa hiyo mtu mzima akikutwa utumbo umeingia ndani ya utumbo na ana dalili za kuziba, swali la daktari ni moja: ni nini kilichouvuta?

Afrika ina mchango wake katika elimu hii. Madaktari wa Ibadan, Nigeria, waliandika katika miaka ya 1960 habari za watu wazima ambao mwanzo wa utumbo mpana uliingia ndani ya sehemu inayofuata, mara nyingi bila uvimbe. Kumbukumbu hiyo inawafaa madaktari wa hapa kwa sababu inawaonya wasichukue takwimu za mabara mengine kama amri.

Dalili na majina ya mitaani

Dalili nne ndizo nguzo: maumivu ya kusokota yanayokuja kwa mawimbi, kutapika, tumbo kujaa, na kufunga choo pamoja na kushindwa kutoa hewa. Kuziba kunapotokea juu, katika utumbo mwembamba, kutapika huanza mapema na tumbo huenda lisijae sana. Kunapotokea chini, tumbo hujaa kwanza na kutapika huchelewa. Matapishi yanayoanza kuwa ya kijani na kuishia kuwa ya kahawia yenye harufu ya kinyesi ni ishara mbaya.

Kwa mwenye uvimbe usio wa saratani dalili hizi huwa hazifiki zote pamoja. Utumbo huingia na kutoka. Mgonjwa huumwa usiku kucha, asubuhi akapata nafuu, akaenda shambani au kazini, na baada ya majuma matatu hali ikarudi. Wagonjwa wa aina hii huwa wamekaa na maumivu kwa wiki au miezi, wengine zaidi ya mwaka, kabla ya kutambuliwa. Zile dalili tatu zinazofundishwa kwa watoto, yaani maumivu, uvimbe unaopapaswa tumboni na choo chenye damu na kamasi, kwa watu wazima huonekana pamoja kwa nadra. Kuzingojea ni kupoteza muda.

Lugha ya kila siku nayo huchangia ucheleweshaji. Katika maeneo mengi ya nchi, maumivu ya tumbo yanayokuja na kwenda huitwa chango au ngiri, na kila jina lina tiba yake ya nyumbani. Ngiri ya hospitalini ni utumbo au mafuta ya tumbo yaliyochomoza kupitia tundu la ukuta wa tumbo, nayo huonekana na kushikika. Ngiri ya mtaani inaweza kuwa karibu maumivu yoyote ya chini ya kitovu. Mtu anapomweleza tabibu kuwa ana ngiri, na tabibu akaandika neno hilo bila kumpapasa, uchunguzi umekwisha kabla haujaanza. Hali kadhalika vidonda vya tumbo: jina hilo hubandikwa kwa urahisi, mgonjwa akapewa dawa za kupunguza tindikali mwezi baada ya mwezi, ilhali maumivu yake hayana uhusiano na tindikali.

Hatari iliyo kubwa kuliko jina ni dawa ya kufungua choo. Utumbo uliozibwa ukipewa dawa kali ya kuharisha husukuma kwa nguvu zaidi dhidi ya kizuizi, na unaweza kupasuka. Kupigwa bomba nyumbani kuna hatari hiyohiyo. Mtu ambaye hajapata choo wala kutoa hewa, tumbo limejaa na anatapika, hapaswi kupewa dawa hiyo wala chakula, na safari ya kwenda hospitali isisubiri asubuhi.

Katika chumba cha tabibu

Uchunguzi mzuri huanza kwa maswali. Maumivu yalianza lini, huja kwa mawimbi au yamekaa palepale, mara ya mwisho choo kilipatikana lini, na hewa je? Hewa ni swali ambalo wagonjwa wengi hulionea haya, lakini lina uzito kuliko choo, kwa kuwa aliyeziba kabisa huacha kutoa hewa, ingawa kinyesi kilichokuwa chini ya kizuizi kinaweza kuendelea kutoka kwa siku moja. Mgonjwa huulizwa pia kuhusu upasuaji wa zamani, kupungua uzito, damu katika choo, na kama katika ukoo wapo waliougua saratani ya utumbo.

Kisha mgonjwa huvuliwa nguo ya kutosha ili tumbo lote lionekane. Kovu lisipoonekana, uwezekano wa mshikamano wa utumbo hupungua. Kinena hupapaswa pande zote mbili, kwa wanawake kama kwa wanaume, ili kutafuta ngiri iliyonasa. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ile ya kupima kwa kidole katika njia ya haja kubwa. Wagonjwa huikwepa kwa aibu na baadhi ya watoa huduma huiruka kwa kuwastahi, hasa wanapokuwa na mgonjwa wa umri wa mzazi wao. Hata hivyo, ndiyo inayoonyesha kama njia ni tupu, kama kuna damu, na mara chache kidole hugusa uvimbe wenyewe uliosukumwa hadi chini.

Tabibu hutazama pia ishara kwamba utumbo umeanza kukosa damu: maumivu yaliyokuwa ya mawimbi yakawa ya moja kwa moja, mapigo ya moyo kwenda mbio, homa, na tumbo kuwa gumu kama ubao linapoguswa. Ishara hizi zikionekana, mgonjwa huandaliwa kwa upasuaji, na vipimo vingine vyote huhesabiwa kwa kile vinachoweza kuongeza ndani ya muda uliobaki.

Katika zahanati au kituo cha afya kisicho na huduma ya upasuaji, kazi si kutafuta jina la uvimbe. Kazi ni kutambua kuwa utumbo umeziba, kumzuia mgonjwa kula na kunywa, kumwekea dripu, kumpitishia mrija puani wa kutoa majimaji pale vifaa na mtaalamu vinapokuwapo, na kumpeleka hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa akiwa na barua inayoeleza saa dalili zilipoanza. Saa hiyo ndiyo taarifa ambayo daktari wa upasuaji huitafuta kwanza katika karatasi.

Vipimo vya damu

Wananchi wengi hutarajia damu iseme kila kitu. Katika tatizo hili hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe usio wa saratani. Damu huonyesha hali ya mgonjwa: kiwango cha sodiamu na potasiamu kilichovurugwa na kutapika, utendaji wa figo ambao lazima ujulikane kabla ya kumchoma dawa ya picha, wingi wa chembe nyeupe, na asidi ya lakteti inayoweza kupanda utumbo unapokosa damu. Lakteti ya kawaida lakini haimaanishi kuwa utumbo u salama, jambo ambalo madaktari hukumbushana kila mara. Upungufu wa damu usio na maelezo kwa mtu mwenye maumivu ya kurudiarudia ni kidokezo cha thamani, kwa kuwa ngozi iliyo juu ya uvimbe mkubwa huchubuka na kuvuja damu kidogo kidogo. Kundi la damu hupimwa mapema kwa ajili ya upasuaji.

Picha: kutoka eksirei hadi CT

Eksirei ya tumbo bado ndiyo picha ya kwanza katika hospitali nyingi, nayo ina faida ya kupatikana haraka na kwa gharama ndogo. Inapopigwa mgonjwa akiwa amesimama, huonyesha mistari ya maji na hewa katika utumbo uliotanuka, kama ngazi. Wataalamu hutumia kanuni rahisi ya 3, 6 na 9: utumbo mwembamba uliozidi sentimita 3 kwa upana umetanuka, utumbo mpana sentimita 6, na mwanzo wa utumbo mpana sentimita 9. Eksirei husema kwamba utumbo umeziba, na pengine eneo. Ni mara chache iseme nini kilichouziba, na ikiwa ya kawaida haifuti shaka.

Ultrasaundi haina mionzi na inaweza kufanyika kando ya kitanda. Utumbo ulioingia ndani ya mwingine, ukikatwa kwa mawimbi ya sauti kwa upana, huonekana kama duara ndani ya duara, mfano wa shabaha ya kulengea. Ukitazamwa kwa urefu hufanana na figo. Kikwazo ni hewa. Mawimbi hayo hayapiti vizuri katika hewa, na tumbo la mtu aliyeziba limejaa hewa. Kwa hiyo ultrasaundi iliyoandikwa kwamba haikuona kitu haipaswi kufunga mjadala, na ustadi wa anayeshika kifaa huleta tofauti kubwa.

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni CT skani. Huonyesha mahali utumbo ulipotanuka, mahali unaposinyaa, na kilicho katikati. Utumbo ulioingiana huonekana kama soseji yenye tabaka, na ndani yake mara nyingi huonekana ukanda wa mafuta na mishipa ya utando uliovutwa pamoja. Huonyesha pia kama ukuta wa utumbo unapokea damu, kama kuna maji huru tumboni au hewa iliyotoka nje kwa kupasuka.

Katika uvimbe wa mafuta CT ina uwezo wa pekee, nao unatokana na hesabu. Mashine hii ilibuniwa na mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha jijini London mwaka 1971. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini. Kipimo cha uzito wa vivuli katika picha hizo kina jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni hasi 1,000, na nyama za kawaida huwa juu ya sifuri. Mafuta huangukia chini ya sifuri, na lipoma ya utumbo kwa kawaida husoma kati ya hasi 40 na hasi 120. Mtaalamu wa radiolojia akiweka alama juu ya uvimbe laini, wa duara, wenye kingo safi, akasoma hasi 90, anaweza kuandika jina la uvimbe huo kwa uhakika ambao ni nadra katika picha za tumbo.

Hesabu hiyo ina mipaka. Uvimbe wa mafuta uliobanwa kwa muda mrefu hukosa damu, huvimba na kuingiwa na majimaji, na namba zake hupanda kuelekea zile za nyama. Hapo unaweza kufanana na saratani. Uvimbe mdogo unaweza kufichwa katikati ya tabaka za utumbo uliovimba. Zile aina zisizo na mafuta hazina namba ya kuzitambulisha, na CT pekee haiwezi kumhakikishia mgonjwa kwamba alicho nacho si saratani. Daktari anayesema kwamba hana uhakika mpaka upasuaji ufanyike anaeleza ukweli wa kipimo.

Matumizi mapana ya CT yameleta pia jambo jipya. Mashine huonyesha wakati mwingine kipande kifupi cha utumbo mwembamba kilichoingiana kwa mtu asiye na dalili za kuziba, aliyekuja kwa ajili ya figo au ajali. Kipande hicho huwa kifupi, mara nyingi chini ya sentimita 3.5, utumbo wa juu yake haujatanuka, hakuna uvimbe, na baada ya muda hujiachia chenyewe. Watu kama hao kwa kawaida hufuatiliwa tu, bila kupasuliwa.

Mashine za CT sasa zimefungwa katika hospitali za rufaa za mikoa, baada ya miaka mingi ambapo mgonjwa wa pembezoni alilazimika kusafirishwa hadi Muhimbili, Bugando, KCMC au Mbeya ili kupata picha hiyo. Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa tatizo ambalo muda wake huhesabiwa kwa saa. Mgonjwa anayekwenda kupigwa picha anapaswa kumweleza mhudumu kama ana ugonjwa wa figo, kisukari, mzio wa dawa au ujauzito.

Kamera ya utumbo

Uvimbe unaposhukiwa katika utumbo mpana na mgonjwa hajaziba kabisa, kolonoskopi inaweza kufanyika. Kamera huingizwa kupitia njia ya haja kubwa na daktari huona uvimbe kwa macho. Lipoma huwa na rangi ya manjano na uso laini, na inapobonyezwa kwa koleo la kifaa hubonyea kama mto na kurudi taratibu. Katika saratani mguso huwa mgumu na uso umechubuka.

Wapo wanaoshangaa kuambiwa kwamba kinyama kilichochukuliwa kwa kamera kilionyesha hali ya kawaida, kisha wakaambiwa bado wanahitaji upasuaji. Maelezo yamo katika tabaka zilizotajwa awali. Koleo huchukua ngozi ya juu, na uvimbe uko chini yake. Jibu la kawaida, kwa hiyo, halipingani na picha. Kwa utumbo mwembamba ipo kamera ndogo inayomezwa kama kidonge, lakini kwa mtu anayeshukiwa kuwa na njia iliyobanwa haifai, kwa kuwa yenyewe inaweza kunasa na kukamilisha kuziba.

Chumba cha upasuaji na maabara

Pamoja na mashine zote hizi, wagonjwa wengi, hapa nchini na kwingineko, hujulikana sababu ya kuziba kwao wakati tumbo limefunguliwa. Kufungua tumbo kwa mgonjwa aliyeziba na anayezidi kudhoofika, huku jina la uvimbe halijajulikana, ni uamuzi sahihi wa kitabibu. Kungoja picha ya kukamilisha faili wakati tumbo limeshakuwa gumu ndiko kunakogharimu maisha.

Akiwa ndani, daktari wa upasuaji anakabiliwa na swali la kuutoa utumbo ulioingia au kuukata ulivyo. Katika utumbo mwembamba, ambako uvimbe wa watu wazima mara nyingi si saratani, anaweza kuuvuta taratibu kama bado una rangi ya uhai, ili kipande kitakachokatwa kiwe kifupi. Katika utumbo mpana hesabu hugeuka, kwa sababu huko saratani ndiyo chanzo katika zaidi ya nusu ya wagonjwa, na kuvuta kunaweza kutawanya chembe zake. Hapo mara nyingi kipande chote hukatwa bila kuvutwa. Kama CT imeonyesha bila shaka kwamba uvimbe ni wa mafuta, mgonjwa anaweza kuokolewa na upasuaji mkubwa kuliko uliohitajika. Hiyo ndiyo faida halisi ya utambuzi uliofanyika kabla ya kisu.

Kipande kilichotolewa huhifadhiwa katika dawa ya fomalini na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Yeye ndiye anayetoa jina la mwisho, na jibu lake huchukua siku au wiki kadhaa. Wakati huo mgonjwa amekwisha pona kidonda, anakula, na safari ya kurudi hospitali huonekana ni gharama isiyo na sababu. Wapo wasiorudi. Jibu likisema ni lipoma, matibabu kwa kawaida yameishia hapo. Likisema ni uvimbe wa tezi wenye dalili za kuelekea saratani, mgonjwa anahitaji kuchunguzwa tena kwa kamera kwa vipindi. Likionyesha vinyama vya ugonjwa wa kurithi, ndugu zake wa damu nao wanahitaji kuonwa, hata wasipokuwa na maumivu yoyote.

Anayerudi kliniki aje na karatasi ya kuruhusiwa, picha au sidii ya CT na namba ya sampuli iliyoandikwa kwenye fomu ya patholojia, kwani sampuli husafirishwa kwenda maabara ya hospitali nyingine pale ambapo hospitali iliyofanya upasuaji haina mtaalamu. Mwenye bima aje na kadi yake. Kwa anayeumwa sasa, tumbo likiwa limejaa na hewa haitoki, kutafuta kadi iliyosahaulika nyumbani si sababu ya kuchelewesha safari.